Keki ya Gerbrand

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomchoma Gerbrand kuliko ndoo yenyewe.

Ndoo ilikuwa juu ya meza ya kahawa, ndani ya banda la Teunis, mwenye shamba, imejaa tulipu nyekundu zenye michirizi myeupe. Zilipendeza, kusema kweli. Mgeni angedhani ni za bibi harusi. Lakini michirizi ile ni ugonjwa, na ua moja likiachwa shambani, wadudu huusambaza hadi tuta zima liharibike. Tangu ujana wake, kazi ya Gerbrand ilikuwa kutembea kati ya matuta maua yanapofunguka, kuliona lenye ugonjwa na kuling'oa pamoja na tunguu lake. Na haya yote yalikuwa yametoka kwenye matuta aliyoyapita jana.

Desturi ya pale inajulikana: anayeruka ua lenye ugonjwa hununua keki. Wenzake humzomea, humwita kipofu, hula, yakaisha. Gerbrand alikuwa bingwa wa kuzomea. Hata kisukari kilipomkataza keki, mdomo hakuufunga. Aliyezinunua mara nyingi ni Wietske, shemeji yake.

Sasa Wietske alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari wala maziwa.

"Semeni basi!" Gerbrand alifoka. "Mmemeza gundi? Niiteni kipofu!"

"Jua la jana lilikuwa baya," Teunis alisema, akitazama buti zake. "Linadanganya macho."

"Jana kulikuwa na mawingu, bosi."

Teunis akapenga kamasi, akatoka.

Wietske alimfuata Gerbrand hadi kwenye baiskeli yake. "Shemeji, sindano ya macho ulichomwa lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Krismasi! Na dada yangu anavyojisifu kwamba hukosi kliniki!"

"Kliniki nafika. Nakaa kwenye benchi pale nje, nakula tofaa langu, narudi."

"Mwoga mkubwa wewe."

"Ni sindano ya ndani ya jicho, Wietske. Unaiona inavyokuja."

Hakumwambia yote. Sindano aliiogopa, ndiyo, lakini alikiogopa zaidi kile kiti cha daktari, kwa sababu kabla hajakikalia hakuna ambaye angemwambia aache matuta. Kila asubuhi alifumba jicho moja akautazama mnara wa kanisa. Mnara ulikuwa umepinda, na nyuzi nyeusi zikielea mbele yake, naye akajiambia ni ukungu. Usiku alikesha, akageukia ukutani mkewe asijue. Alikuwa amechoka kuogopa.

Kesho yake alikuja na keki ya stroberi, kubwa, ameifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli. Akaiweka mezani, pale pale ilipokuwa ndoo.

"Kuleni. Deni la desturi."

Walikula kama wanavyokula keki ya msibani, taratibu, huku wakisifu stroberi. Gerbrand aliwatazama mpaka sahani zikabaki tupu. Roho ilimuuma, alitamani hata mmoja amtukane.

"Nitakutafutia kazi ya makreti humu bandani," Teunis alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kofi.

"Makreti yana watu," alijibu Gerbrand. "Jua limetoka. Wietske atahitaji mtu wa mwavuli."

Maana jua likiwaka sana, michirizi haionekani mpaka ua litiwe kivuli, na mwenye macho hawezi kushika mwavuli, jembe na kikapu kwa pamoja. Teunis aliitikia kwa kichwa.

Wakaingia matutani. Wietske alitangulia akiwa ameinama. Gerbrand alimfuata na mwavuli mweusi.

"Alhamisi nakupeleka kliniki," Wietske alisema bila kugeuka. "Nimeshawapigia simu. Lile benchi utaliaga ukiwa ndani, dirishani."

"Wakisema macho hayarudi?"

Wietske aliinamia ua lililofuata. "Sijui, shemeji."

Walikwenda.

"Kushoto kidogo," akasema Wietske.

Gerbrand akausogeza mwavuli.

"Lipo?"

"Lipo."

Alisikia jembe likizama kwenye mchanga. Akainama, akakaza macho pale kivuli kilipoangukia. Palikuwa pekundu tu, kama kwingine kote.

"Twende," Wietske alisema, na kivuli kikasogea.