Zizi la Sungura

Tangu nimzike mume wangu Lorenz, nilikuwa na kawaida ya kuamka kabla ya jua na kwenda kutazama ngano. Mwaka ule haikuwa ngano ya kumringia mtu. Kilikuwa kipande cha ekari tatu nyuma ya banda la kuku, na ndicho kitu pekee cha kijani kilichobaki upande wetu wa Oklahoma. Kwingine kote kulikuwa na mchanga mtupu, na upepo wa kuuhamisha.

Mwanangu Dewey alitaka tuhame. Lori lilikuwa tayari uani, turubai limefungwa. Hakuwa mtu wa kutulia siku zile. Akikaa anainuka, akiinuka anakwenda mlangoni kutazama magharibi, akirudi anauliza saa ngapi, na hakuna mahali alipotakiwa kwenda. Sikumlaumu. Binti yake Ila, wa miezi minane, alikuwa anakohoa tangu Februari. Mkewe Verna alilowesha shuka na kuzitundika madirishani kutwa, na bado asubuhi tulimkuta mtoto ameacha alama ya kichwa kwenye vumbi la mto wa kulalia.

Lakini Lorenz amelala pale kilimani, na mimi nilikuwa nimemwomba Mungu mvua kwa miaka minne. Niliona aibu kuondoka kabla hajanijibu. Basi tukapatana, mimi na Dewey. Pasaka ikikuta ngano imesimama, tunabaki tuvune. Ikikuta haipo, California.

"Na nani atasema kama imesimama?" nilimuuliza.

"Wewe, Mama. Mimi nitaona ninachotaka kuona. Wewe huna uongo."

Wakaja sungura. Walikuwa sungura wakubwa wenye masikio marefu, maelfu, wametoka nyikani kwa njaa. Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi jirani yetu Floyd Kessinger akaja, akasimama barazani bila kunipa mkono. Siku zile watu walikuwa wameacha kupeana mikono. Vumbi lilijaza umeme hewani, na ukimshika mwenzio mnaweza kurushwa chini wote wawili.

"Bibi Alma," akasema, "kesho tunawaswaga. Watu mia mbili, mstari wa maili tatu, fimbo tu, bunduki hapana. Tunahitaji kona ya malisho yako tujenge zizi la kuwafungia na kuwaulia."

"Kesho ni siku ya Bwana, Floyd."

"Sungura hawana kalenda. Jana wametafuna mpini wa jembe langu. Wanapenda chumvi ya jasho."

"Basi hilo si jembe lako. Jasho lako halijawahi kufika kwenye mpini."

Akacheka, Dewey pia akacheka, lakini sikubadilisha neno. Jumatatu, sawa. Jumapili, hapana.

Jumapili ile ilikucha kweupe, bila upepo, siku ya kwanza ya namna hiyo baada ya wiki nyingi. Verna alifungua madirisha yote na kuanika mablanketi. Nilikwenda kanisani kwa miguu. Niliporudi mchana, sahani zikiwa bado zimefunikwa kifudifudi mezani kama kawaida yetu ya kuzikinga na vumbi, niliona zizi limeshasimama.

Dewey alikuwa amelijenga nilipokuwa ninasali. Na waya wa kulijengea alikuwa ameuchukua kwenye ua wetu wenyewe.

Hapa lazima niseme juu ya waya ule. Lorenz aliuvuta kutoka lango la malisho hadi nguzo ya baraza, mstari mmoja ulionyooka. Giza la vumbi likikukuta nje, unatafuta waya, unaufuata kwa kijiti au kwa mkono uliofungwa nguo, na unafika mlangoni. Dewey alijifunza hilo kabla hajajua kusoma. Sasa alikuwa ameukata karibu na nyumba na kuukunja uwe duara, pamoja na waya wa kuku chini yake, na mdomo mmoja wazi kuelekea kaskazini, wa kufungwa sungura wakishaingia.

"Nilisema nini?" nikamuuliza.

"Ulisema Jumatatu. Jumatatu hao watakuwa wamemaliza ngano yako. Unataka tubaki, Mama, au hutaki?"

Alikuwa anavunja Sabato ili kuokoa kitu alichotamani kife. Alichukua fimbo yake akaenda kujiunga na mstari.

Nilikaa barazani. Sikuweza kusoma. Kwa mbali nilisikia watu wakipiga makopo, kisha nikaona ardhi yenyewe kama inatembea, rangi ya kijivu, ikija kwenye zizi. Saa kumi hivi wakaja ndege. Walitoka kaskazini, wa kila aina pamoja, wadogo na wakubwa, na hakuna hata mmoja aliyelia. Nyuma yao kulikuwa na kitu kama mlima mweusi, na mlima ulikuwa unakuja.

"Verna, funga madirisha. Mtoto mtie chini ya meza, mfunike shuka mbichi."

Giza lilipofika sikuona mkono wangu mbele ya uso. Verna alinitafuta kwa kupapasa.

"Dewey atafuata waya," akasema. "Si ndiyo, Mama? Atafuata waya."

"Atafuata. Ndiyo shida yenyewe. Waya hauji tena huku."

Nikamsikia akianza kulia polepole.

Nilifunga kitambaa kilicholowa puani. Nilichukua koleo la Lorenz la kukatia waya, nikaviringisha mikono yangu matambara, nikafunga kamba ya kuanikia nguo kwenye nguzo na ncha nyingine kiunoni. Nikatoka nikisema Baba Yetu, maana ndiyo niliyoweza kuisema bila kufikiri. Zizi nililijua kwa sauti. Sungura wakiogopa hulia kama watoto wachanga, na humo walikuwa mamia. Halafu nikaona cheche za buluu zikikimbia juu ya seng'enge, na kwa mwanga wake mdogo nikajua mwisho wa waya uko wapi.

"Dewey!"

Jibu lilitoka kwa Floyd, upande wa kulia, kisha mbele yangu, kisha kushoto. Walikuwa ndani ya zizi, wanatembea.

"Bibi Alma, nyumba yako imehama? Tumeukanyaga mkebe huu mara nne."

"Msiende. Simameni hapo."

"Mama, nimeushika waya," Dewey akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nimeushika tangu mwanzo. Kwa nini hatufiki?"

"Kwa sababu uliukunja, mwanangu."

Sikujua mdomo wa zizi uko wapi, wala kamba yangu isingefika kuutafuta. Nilikata palepale nilipokuwa. Umeme ulipita kwenye koleo ukanichapa hadi begani. Nilikata waya wa juu, wa kati, nikakata ule wa kuku, na sungura wakatoka wote, wakinipiga miguuni, wakipita juu ya viatu vyangu. Nilijua wanakwenda wapi. Nikanyoosha mkono katikati yao hadi nikapata koti la Dewey, na Floyd alikuwa ameshika mkia wa koti hilo. Kamba ilitufikisha nyumbani. Wengine, kama tulivyosikia baadaye, walilala mitaroni au ndani ya magari, na wote walipatikana.

Asubuhi nilikwenda kutazama ngano. Banda la kuku lilikuwa limeikinga, zaidi ya nusu ilikuwa juu ya mchanga. Nilipiga magoti. Lakini jioni wakaja, wale wale niliowafungulia. Wiki nzima niliwafukuza kwa fagio. Dewey pia aliwafukuza, bila kuombwa. Tulipishana pale shambani, mmoja akienda nyumbani kula, mwingine akirudi.

Pasaka ilipofika, Dewey alibaki jikoni.

"Nenda wewe, Mama. Utakalosema ndilo."

Ilibaki mistari miwili chini ya ukuta wa banda, mirefu kama kitambaa cha meza. Ilikuwa imesimama. Nilikaa pale muda mrefu nikiitazama, na ninakiri kwamba nililipanga neno mdomoni, na lisingekuwa uongo mtupu. Kisha dirishani nikamsikia Ila akikohoa, akapumzika, akakohoa tena.

Nikarudi ndani.

"Haijasimama," nikasema.

Dewey hakufurahi kama nilivyotegemea. Alikaa akigeuzageuza kofia.

"Usingelikata zizi, ingesimama."

"Na wewe ungekuwa unazunguka hadi leo. Floyd naye anahesabu mkebe."

Verna alicheka, kisha akaanza kuzifunga sahani kwenye magazeti.

Tulipakia hadi adhuhuri. Nilikwenda kilimani kumuaga Lorenz, sikukaa. Niliporudi nikapanda lori, mtoto mapajani, nikangoja. Dewey hakuonekana. Nikageuka nikamwona yuko uani na koleo, anaunyoosha ule waya, anauvuta kuurudisha kwenye nguzo ya baraza ya nyumba ambayo haina mtu. Alikuwa hana haraka. Alikaza kila kifundo, akakivuta kukijaribu, akarudia.

"Verna," nikasema, "ni saa ngapi?"