Nafasi Isiyofagiwa

Mbili, kimya, moja. Sauti ilitoka katika spika ndogo iliyokuwa juu ya meza, hafifu, sauti ya jiwe likigongwa juu ya jiwe, na Tania akakiweka chini kikombe chake cha chai. Mbili, kimya, moja. Katika dunia nzima alimjua mtu mmoja tu aliyegonga hivyo. Baba yake, Germain, hakuwahi kupiga hodi kama binadamu wengine; kila jioni aliporudi kutoka machimboni aliugonga mlango wa nyumba yao ya Shituru kwa mtindo huo, naye mama, Mathilde, angeitikia kutoka jikoni, "Ingia, mwenye haraka!" Lakini Germain alifukiwa na kilima hiki hiki wakati wa mvua za mwaka uliopita, na mwili wake haukupatikana.

Kibanda cha mabati alimokaa Tania kilikuwa juu ya mashimo, upande wa Kambove. Alfajiri ile shimo moja lilikuwa limeporomoka baada ya mvua kubwa. Kabongo, mkuu wa wachimbaji, aliwaita watu wake kwa majina, kila mmoja akaitika, roho zikatulia. Hata hivyo wanawake walikuwa wamekwisha kuja kutoka mjini, kama wafanyavyo kila habari ya namna hiyo inapowafikia, wakasimama nje na vitenge vichwani bila kuzungumza. Mathilde alikuwa miongoni mwao, ingawa hakuwa tena na mtu wa kumngojea.

Kazi ya Tania ilikuwa sanduku la kunasia sauti. Ushirika wa wachimbaji ulikuwa umezika masikio ya chuma ardhini ili yasikie kilima kikianza kupasuka, na yeye ndiye aliyeandika programu ya kuhifadhi yote yaliyosikika. Kumbukumbu ya sanduku ilikuwa ndogo na betri yake dhaifu. Kila alichokiongeza hapa ilibidi akipunguze pale. Basi programu iliitengea kila siku nafasi yake mapema, kama mwenye nyumba anayemwandalia mpangaji chumba. Je, chumba kifagiwe kwanza, au mpangaji aingie na takataka za aliyetangulia? Kufagia kulitaka muda, na kwa muda huo wote sanduku lingekuwa kiziwi. Tania akaamua lisifagie. Kilima hakimngojei mtu amalize usafi, aliwaambia wanaushirika, nao wakacheka, wakakubali. Hata sauti zilizofutwa hazikufutwa kweli. Jina tu ndilo liliondolewa mlangoni, na vitu vikabaki ndani.

Lo! Sasa huenda takataka zilikuwa zinasema. Mporomoko wa alfajiri ulikuwa umelitikisa sikio moja, likawa linaandika kidogo, linanyamaza, linaandika tena. Na pale lisipoandika, spika ilisoma chochote kilichokuwamo chumbani tangu zamani. Siku Germain alipofukiwa, masikio yale yalikuwa bado ya majaribio, na hakuna aliyekaa kuyasikiliza.  Kama sauti hii ilikuwa ya mwaka jana, basi baba yake hakufa papo hapo kama walivyofarijiwa. Aligonga. Aligonga, na watu wote walikuwa juu wakilia.

Kabongo aliingia na matope hadi magotini. Alisikiliza, akavua kofia yake taratibu.

"Muntu iko mule?"

"Sijui, Papa Kabongo."

"Lakini bote balijibu! Minye mwenyewe niliwaita." Alisogea karibu na spika kana kwamba angemwona mtu ndani yake. "Udongo bado inatembea, Tania. Nikituma bantu kule bure, nitazika wengine. Weye njo mwenye mashine. Sauti hii ni ya leo ama ya zamani?"

"Kuna njia moja ya kujua," Tania alisema, na papo hapo akatamani asingalisema. "Nifagie nafasi yote. Kukibaki kimya, ilikuwa ya zamani. Ikigonga tena, kuna mtu."

"Fagia basi!"

Ni rahisi kusema fagia kwa asiye na chake katika takataka. Tania alifikiria kuinakili sauti kwanza, lakini kwa waya ule mwembamba kazi hiyo ingefika machweo, na aliye chini ya udongo hana pumzi ya kungojea machweo. Kufagia kungechukua muda wa kusonga bukari, ugali wa kwao. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, nacho hakikushuka.

"Germain," sauti ya mwanamke ilisema nyuma yao.

Hawakumsikia Mathilde akiingia. Alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimemteleza begani, akiitazama spika kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekawia mno njiani. Ikagonga tena, naye akasogea.

"Ni yeye. Njo mukono yake."

"Mama, inawezekana ni sauti ya mwaka jana. Lazima niifute ili tujue kama kuna mtu."

"Usimufute, mutoto yangu." Alimshika Tania mkono. "Sikupewa kaburi. Sikupewa hata kiatu yake. Hii njo kitu moja kilima imenirudishia."

Tania alihisi machozi yakimpanda. Alimwonea mama yake huruma, alijichukia mwenyewe, na zaidi ya yote aliogopa, maana jiwe lile liliendelea kugonga kwa subira isiyo ya mtu anayekosa hewa.

"Na kama ni mtoto wa mtu mwingine, Mama?"

Mathilde aligeuka, akawatazama wanawake waliosimama kwenye manyunyu.  Kisha akaurudisha uso wake kwa spika, akaisikia mara moja zaidi, na akaitikia kwa sauti ya chini, "Ingia, mwenye haraka." Halafu akaipa mashine mgongo.

Tania akabonyeza. Spika ilinyamaza. Kwenye kioo cha mashine aliona nafasi zikijazwa sifuri, chumba baada ya chumba, akalia kwa kwikwi bila kujificha. Kazi ilipokwisha, sanduku likaanza kusikia upya. Mvua ilichezacheza juu ya bati. Chini, kimya. Kabongo alivaa kofia yake.

"Pole, mwanangu," alisema. "Ilikuwa ya zamani."

Mbili, kimya, moja.

Safari hii ilikuwa karibu, na nzito. Kabongo alitoka mbio akiita watu.

Walichimba kwa uangalifu, wakiegemeza magogo kila hatua, na jua lilipokuwa juu ya kilima wakamtoa mwanamume aliyeitwa Dodo. Hakuna aliyemjua. Alifika jana jioni kutoka Kakanda, akaingia shimoni kujikinga na mvua kabla hajampa mtu jina lake. Wanawake walipiga vigelegele. Kabongo alimpangusa uso kwa kiganja.

"Shukuru mikono yako, ndugu! Ungeacha kupiga, hatungejua."

Dodo alimtazama bila kuelewa. Mikono yake yote miwili ilikuwa imevimba, ikining'inia.

"Minye sikupiga. Miti ilinikamata mikono tangu asubuhi. Nilisikia munapiga kutoka upande ingine, njo nikapata moyo."

"Upande gani?"

Dodo alielekeza kwa kidevu. Ulikuwa ukuta wa shimo la zamani, lile lililofungwa mwaka jana Germain akiwa ndani.

Vigelegele vilikatika.  Mathilde alikitoa kitenge begani, akajifunga kiunoni, akakinyoosha kiganja mbele ya Kabongo.

"Nipe sepetu," alisema. "Amegonga ya kutosha."

Kabongo alimpa. Tania akachukua nyingine, akainama kando ya mama yake, wakaanza kuuchimba ukuta ule. Kule juu mlango wa kibanda ulikuwa wazi, na spika aliyoisahau ilikuwa inawarudishia sauti ya sepetu zao wenyewe. Alitega sikio huku akichimba. Hapakuwa na sauti nyingine.