Laptop Inakwama Mjini

Kanyiva alipanda ngazi za ghorofa yao huko Kware akiwa ameshika viatu mkononi. Miguu ilikuwa imemvimba. Duka la jumla la Jawahir kule Eastleigh, anakofanya ukarani, halina kiti cha karani, na Jumamosi wateja humiminika bila huruma. Nyuma yake alikuja Kawsar, binti jirani mwenye kibanda cha kutengeneza simu na laptop pale chini, amebeba mfuko wake wa bisibisi. Kanyiva alikuwa amemsihi apande leo leo, maana Jumatatu mumewe alikuwa aende kupimwa uendeshaji wa lori.

Mumewe, Mwanzia, aliendesha malori ya Mombasa na Malaba miaka na miaka, hadi siku alipokuwa akifungua gurudumu na kipande cha chuma kikaruka kikamwingia jicho la kushoto. Kampuni ikamweka kando. Akawa mtu wa kochi na ukuta, mpaka binti yao Mbinya, aliyeajiriwa Nakuru, alipomletea laptop kuukuu yenye nguvu pamoja na mchezo wa kuendesha malori. Hapo baba mtu akafufuka. Akaanza kusema jicho limerudi, linaona kama zamani. Akampigia Dedan, msimamizi wa yadi, akamwambia hivyo hivyo, na Dedan akakubali kumjaribu barabarani. Kanyiva aliamini. Alikuwa amechoka mno asiweze kutoamini.

Tatizo lilikuwa laptop, aliyofanyia mazoezi ya Jumatatu. Kwenye barabara kuu lori la Mwanzia lilikwenda vizuri, lakini likiingia mjini picha inaanza kurukaruka, inakwama, na kufumba na kufumbua lori limegonga kitu. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe, kila siku, kwa hasira, na mkewe alikuwa amechoshwa na wimbo huo.

"Hii takataka itaniharibia Jumatatu," alimwambia Kawsar hata kabla ya salamu. "Mimi najua kuendesha. Yenyewe ndiyo haijui."

"Wacha niione, Baba Mbinya," Kawsar akasema, akavuta stuli.

Alibonyeza hapa na pale, kisha akatikisa kichwa. "Iko na kadi mbili za picha. Ndogo ya kuandika barua na kuangalia video, na kubwa ya game. Sasa game yako inatumia ile ndogo. Kubwa imekaa tu, haina kazi."

"Kama mimi," Mwanzia alisema.

Kawsar aliulazimisha mchezo utumie kadi kubwa, akaweka tarakimu mbili kwenye pembe ya kioo, moja ya idadi ya picha kwa sekunde na nyingine ya joto. Picha zikafika sitini. Mwanzia akaondoa lori. Kanyiva akaanza kushusha pumzi, lakini hata chai haijachemka picha zilikuwa zimeshuka hadi kumi na tano, na joto limepita tisini.

"Inaungua," Kawsar alisema. "Kadi ikipata joto hivi inajipunguza nguvu, isijichome. Sasa kwa nini..." Aliinua laptop. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha kufuma, cha sufu ya waridi na nyeupe, kizito kama blanketi la mtoto.

Kanyiva alitamani sakafu immeze. Alikuwa amefuma vitambaa vya kila kitu ndani ya nyumba ile, vya kochi, vya televisheni, vya mtungi wa maji, na laptop ya mtoto wake ilipokuja angeiachaje juu ya meza tupu kama sufuria?

"Mama Mbinya, umeiziba pua," Kawsar alisema akicheka. "Hewa inaingilia huku chini."

Alifungua mgongo wa laptop, akatoa manyoya ya sufu yaliyojisokota kwenye feni, akafuta vumbi kwa brashi, akaifunga na kuiweka juu ya meza tupu. "Jaribu sasa."

Safari hii ilikwenda. Barabara kuu ilipita laini, joto limetulia, picha sitini, hazipandi wala hazishuki. Mwanzia alianza kupiga mluzi. Kanyiva hakuwa ameusikia mluzi huo tangu ajali, na moyo ukamlainika kabisa. Alikaa, akaweka miguu juu ya kreti, akaanza kupanga jinsi atakavyomwambia Jawahir kwamba kuanzia mwezi ujao atakuwa anakuja nusu siku. Alitaka sana kulala mchana, hata mara moja tu.

Lori likaingia mjini. Mbele, kushoto, palikuwa na mtu wa baiskeli mwenye koti la manjano. Kanyiva alimwona akiwa bado mbali. Alisubiri lori lijivute kulia kidogo. Halikujivuta. Lilimpitia kama hayupo.

"Si mmeona?" Mwanzia alifoka. "Bado inakwama!"

Kawsar alitazama tarakimu pembeni. Sitini. Akamtazama Kanyiva, kisha akainama kuchukua bisibisi. "Labda niifungue tena," alisema polepole.

Na Kanyiva alitaka aifungue. Alitaka sana. Msichana afungue, afunge, laptop ibebe lawama hadi Jumatatu, na Dedan aamue mwenyewe. Lakini kushoto kwa barabara zetu ndiko wanakopita watu. Ndiko wanakotembea watoto wa shule, na wenye mikokoteni, na yeye mwenyewe kila asubuhi.

"Kawsar, wacha," alisema. "Laptop imepona."

Akamgeukia mumewe.

"Rudia hapo hapo, Baba Mbinya."

Alirudia. Aliendesha taratibu kuliko mwanzo, mabega yamekaza, shingo mbele. Koti la manjano likatokea, likakaribia, likaingia chini ya lori.

"Yule wa baiskeli ulimwona?" Kanyiva aliuliza.

"Yupi?"

Kawsar alikusanya vifaa vyake bila kelele, akasema atapita siku nyingine, akatoka. Mlango ulipofungwa Mwanzia alikuwa bado anakitazama kioo, na lori limesimama katikati ya barabara likinguruma. Kanyiva alisimama kwa miguu yake iliyovimba, akaenda kukaa karibu naye. Alikuwa akilia na hakujificha.

Mwanzia alitoa simu mfukoni, akatafuta jina la Dedan, akampa mkewe.

"Piga wewe," alisema. "Nikiongea mimi, nitamdanganya tena."