Theluji Iliyobeba Bunduki

Mwaka 2013, mwezi wa tatu, Durban ikiwa bado inachemka kwa joto, mke wangu Odette alipanda ndege kwenda kwenye safari ya kuwinda katika barafu ya kaskazini mwa Kanada. Nikilisema hilo pale sokoni Warwick, ninapotengeneza simu, wateja hucheka. Warundi wenzangu ndio hucheka zaidi, maana wanamjua Odette: mwanamke anayevaa sweta wingu likipita.

Mwindaji hakuwa yeye. Kazi yake ilikuwa kumtunza Mzee Moonsamy, Mhindi aliyefiwa na mkewe na kuishi peke yake kwenye ghorofa huko South Beach. Mzee aliwinda tangu ujana. Kisha kiharusi kikampiga, mkono wake wa kushoto ukabaki unaning'inia kama wa mtu mwingine. Odette alimwogesha, akampa dawa, akabishana naye kuhusu chumvi. Vichwa vya wanyama vilivyojaa ukutani alivipangusa vumbi bila kuvitazama machoni.

Mnyama mmoja ndiye Mzee alikuwa hajampata. Wenyeji wa kaskazini humwita umingmak, yaani mwenye ndevu. Ana umbo la nyati, na manyoya yake hushuka karibu kufika kwato. Watoto wa Mzee walikataa katakata. Alipowachosha kwa kung'ang'ania, wakasema basi, aende na nesi wake.

"Mama Lyse, kule watu wanakufa na baridi," nilimwambia. Lyse ni binti yetu.

"Na hapa wanakufa na nini, Papa Lyse? Yule mzee hajawahi kuniomba kitu. Sasa ameniomba."

Alikuwa ameshapata pasipoti ya Afrika Kusini. Nikaenda kumtafutia begi.

Kiongozi wao huko alikuwa Mabel, mwanamke wa Kiinuit, wenyeji wa barafu hiyo, wa umri wa bibi, mfupi, mwenye miguu mifupi iliyokanyaga barafu kama sakafu ya jikoni kwake. Odette amenisimulia habari zake mpaka nadhani nikikutana naye njiani nitamtambua. Makoti waliyonunua Durban aliyatazama, akayakunja vizuri, akayaweka kando. Akawavalisha nguo za ngozi ya kulungu wa huko, manyoya ndani na manyoya nje. Mabel mwenyewe alimfunga Mzee kamba za viatu, akiongea naye mambo ya hali ya hewa, ili asijione mtoto.

Walisafiri wakiwa wamekaa kwenye sleji ndefu ya mbao inayoburutwa juu ya theluji, Mabel mbele akiendesha pikipiki ya theluji. Kila waliposimama alivua glavu na kumpapasa Odette mashavu.

"Mzungu baridi ikimng'ata, pua inageuka nyeupe, naiona toka mbali," alimwambia. "Ngozi yako bado sijaizoea. Bora niiulize kwa mkono."

Odette anasema tangu aondoke kwao, hakuna mtu mzima aliyemshika uso hivyo.

Waliwakuta wanyama kwenye uwanda mweupe usio na hata kijiti. Kundi lilipowaona halikukimbia. Lilijipanga duara, mikia ndani, pembe nje, wadogo katikati. Dume mmoja mzee alisimama peke yake mbali kidogo na wenzake, mvuke ukimtoka puani. Mabel akanong'ona kwamba huyo ndiye, maana kundi halimhitaji tena, na majira mengine ya baridi hatayamaliza.

Mzee Moonsamy alilala kifudifudi kwenye theluji, akashika bunduki. Mkono wa kulia ulikuwa sawa. Wa kushoto ulijaribu kuubeba mtutu, ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza. Odette aliona machozi yakiganda kwenye kope zake.

"Odette," akasema bila kugeuka, "njoo ulale hapa. Nishikie mbele. Wewe uwe mkono wangu."

Mimi nilijua mke wangu hajawahi kugusa bunduki. Sababu sikuijua. Sisi tuliokimbia vita tunaoana, tunazaa, tunapika pamoja, na kuna maswali hatuulizani.

"Anko," alimjibu, maana ndivyo alivyomwita, "nitakuogesha, nitakubeba mgongoni mpaka Durban. Hilo siwezi."

"Ni kushika tu!"

Odette akarudi nyuma hatua mbili, macho kwenye ile bunduki. Ndipo Mabel alipopita katikati yao kana kwamba hajasikia kitu. Akatoa kisu kirefu, akakata tofali la theluji ngumu, akaliweka mbele ya Mzee. Akalichonga mfereji juu, akautandika ngozi, akaulaza mtutu ndani yake. Akakata tofali jingine, dogo, akaliegemeza chini ya kiwiko kibovu. Kazi yote aliifanya taratibu, kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda. Wanyama walikuwa bado wamesimama vilevile.

"Sasa hewa ndani," alimwambia Mzee. "Itoe nusu. Msubiri ageuke ubavu."

Dume akageuka. Mlio mmoja tu ukasikika, akaanguka palepale. Mabel hakusogea mpaka kundi lote lilipojiondokea lenyewe, bila kufukuzwa. Kisha akamwendea yule mnyama, akapiga goti, akamshika paji la uso kimya kabla ya kufungua kisu. Nyama ilikuwa ya wazee wa kijijini kwake. Mzee, ambaye dini yake haimruhusu kula ng'ombe, aliuliza kwa wasiwasi kama na yeye anaweza kuonja.

"Kula," Mabel akacheka. "Huyu mwili wa ng'ombe, lakini ukoo wake ni wa mbuzi."

Jioni hiyo hemani, Mzee akikoroma kwa raha, Odette alimuuliza Mabel alijuaje kwamba shida ilikuwa bunduki.

"Uliitazama ile bunduki kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumuuma."

Basi mke wangu, kwa Kiingereza chake cha Durban, akamweleza. Kaka yake Onesphore alikamatwa na watu wenye silaha. Wakamlazimisha kushika bunduki, kisha wakamuua kwa kosa la kushika bunduki. Odette aliona yote akiwa chini ya meza. Mabel alimmiminia chai, akamsogelea mpaka mabega yakagusana, wakakaa hivyo mpaka jiko likaishiwa mafuta.

Aliporudi alinieleza na mimi, Jumapili tukitoka kanisani, Lyse akitutangulia njiani. Nilisimama kwenye robot, taa za barabarani, ikageuka kijani, ikageuka nyekundu, sikuvuka. Sikuona wivu kwamba mgeni alisikia kabla yangu. Niliona tu kwamba kuna watu wamepewa mikono ya kufungua vitu bila kuvivunja.

Mzee Moonsamy yuko, na bado wanabishana kuhusu chumvi. Mimi nilitafuta namba ya Mabel, nikampigia mwezi wa saba, Durban ikiwa kwenye baridi yake, kumshukuru. Kiingereza kilinikimbia, nikarudia asante, asante, kama kasuku.

"Eti ni kweli," Mabel akauliza, "kwamba hapo kwenu hata majira ya baridi watu wanaingia baharini na wanatoka wakicheka?"

Nikamwambia ni kweli, na kwamba siku akija, Odette atamshika mkono waingie pamoja.