Mtazamaji wa Saa Tano

Tangu binti wa kaka yake amfungulie ukurasa wa kuuzia mapazia mtandaoni, Bi Pazia, kama mtaa ulivyomwita, hakutulia bila kuchungulia takwimu. Watazamaji walihesabika kwa vidole, tena wengi walipita tu. Lakini kulikuwa na mmoja, jamani! Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mji huu huu, kila siku saa tano asubuhi aliitazama video yake ya mapazia mpaka mwisho.

Bi Pazia akampenda bure. Akawa anamshonea yeye: rangi za utulivu, pindo pana. Kila video akaimalizia kwa, "Karibu dukani, dada yangu, tupige soga."

Miezi miwili ikapita, dada hakutokea.

Binti alipokuja kukagua takwimu, akakuna kichwa. "Shangazi, saa tano huwa unafanya nini?"

"Nakunywa chai, huku naangalia video ya..."

"Basi ni wewe huyo! Usiwe unaifungua, unaharibu hesabu."

"Haya, mwanangu."

Kesho yake, saa tano ilipofika, alimimina chai, akaifungua video, akaitazama mpaka mwisho. Akimkosa hata mtazamaji huyo mmoja, abaki na nani?