Miguu Iliyojua Njia Moja

Kila asubuhi alifunga kamba za viatu mbiombio, chai ikiwa bado ya moto, maana miguu yake haikuwa na subira. Ilipofika saa kumi na mbili na robo iliondoka, awe amevaa au hajavaa. Wiki iliyopita ilimtoa nje na kiatu kimoja, na majirani wakamwamkia kama kawaida.

Mambo yalianza siku robota la magunia lilipomwangukia mgongoni kiwandani. Hospitali wakampachika kidude chini ya ngozi, juu kidogo ya kiuno, ukubwa wa kiberiti, nyaya zake zikaingia kwenye mishipa ya fahamu. Maumivu yakatulia. Wenzake wakamwita Betri. Ila mtaalamu alikitegesha kiongoze na miguu, mbele ya msimamizi, na rimoti akamkabidhi huyo huyo msimamizi, kwa kuwa kidude, alisema, ni mali ya kiwanda. Wakubwa ndivyo walivyo: wakikupa mkongojo, ncha moja wanabaki nayo. Toka hapo miguu ikajua njia moja tu, nyumbani na kiwandani.

Mkewe alikufa kwenye mvua za mwanzo. Neno lake la mwisho lilikuwa dogo: "Majani yasinifunike."

Kwenda makaburini unakata kushoto pale njia panda. Miguu ilikata kulia. Hata Jumapili, lango la kiwanda likiwa na kufuli, ilimsimamisha pale hadi jioni, jembe begani.

Shemeji yake, msukuma mkokoteni, akajitolea. Akampakia kama gunia la mkaa, wakakata kushoto. Hawajafika mbali, miguu ikashuka yenyewe, ikageuza.

"Shemeji," akasema yule akijifuta jasho, "hiyo miguu imeajiriwa kukushinda wewe mwenyewe."

"Cheka tu. Anayemezwa na majani ni dada yako."

"Basi lete jembe nikapalilie mimi."

"Aliniambia mimi."

Akamwendea msimamizi. "Bosi, nigeuzie kushoto, nusu saa tu."

"Mgongo unauma?"

"Hauumi."

"Sasa unalalamika nini?" Na droo ya rimoti ikafungwa.

Alhamisi, saa ya chakula, mkewe akaingia langoni amejitanda sanda, majani yamemwota mabegani hadi kwenye nywele. Mlinzi akamwandika kwenye daftari la wageni, akamwonyesha benchi.

"Nimeona huji," akamwambia mumewe.

"Miguu, mke wangu."

"Najua. Ingekuwa wewe, ungekuja hata kwa magoti."

Akaketi akampa mgongo. Betri akaanza kung'oa, jani moja moja, na mizizi yake. Wenzake wakasogeza sahani kuwapisha. Alikuwa amemaliza bega la kushoto king'ora kilipolia, miguu ikanyanyuka, ikampeleka kwenye mashine.

Msimamizi akapita. "Huyu nani?"

"Mke wangu. Marehemu."

"Kushona anajua?"

"Anajua."

Akapewa kigoda na sindano ya magunia. Jioni miguu ilimrudisha Betri nyumbani, mkewe akabaki anashona, maana msimamizi alisema marehemu hana haja ya kulala.

Mpaka leo wako pale. Mapumziko ni nusu saa, nayo hutosha bega moja. Akimaliza la kulia, la kushoto limeshaota.