Mafundo ya Nyasi

Mteremko wetu pale Koboko ulikuwa kipara. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu ulikuja kulala mlangoni kwangu. Marehemu mume wangu Tahiru ndiye aliyeamua tuufunge mteremko upumzike, na alipokufa nikabaki mimi kuulinda. Nilizungusha miiba, na njiani nikafunga mafundo ya nyasi, alama ya majirani zetu Wakakwa kwamba mifugo isipite.

Kazi ya kufukuza ng'ombe wa watu si kazi, ni adhabu. Shemeji yangu Nasur alinicheka kuliko wote: eti ng'ombe wangu wanakonda, nyasi zangu zinanenepa. Acha acheke. Nyasi zilirudi. Kiangazi kikija, ng'ombe wangu wangekuwa na pa kula.

Kiangazi hakikufika. Vita vya mwaka sabini na tisa viliingia Arua katikati ya mvua, na Nasur akatokea kwangu akikimbia na watoto wake na kundi lake lote, ng'ombe mbavu nje kwa siku za njiani.

"Zulaika, fungua. Leo tu. Kesho tunaenda Sudan."

"Nyasi iko bado ndogo, shemeji. Na udongo iko laini. Hii ng'ombe yote itaharibu."

"Ng'ombe iko na njaa. Watoto iko na njaa. Nifanye nini?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwa na malisho. Niliivuta ile miiba bila kumtazama.

Asubuhi mteremko ulikuwa tope. Nililia kuliko nilivyomlilia Tahiru, Mungu anisamehe.

Wiki haikwisha, nami nikakimbia. Nilisukuma ng'ombe wangu kuelekea mpakani, na kote tulikopita waliotangulia walikuwa wamemaliza kila jani. Ng'ambo ya mpaka ndipo tulipoona kijani nyuma ya miiba. Njiani kulikuwa na mafundo ya nyasi. Mwanamke mmoja alisimama mvuani na fimbo, amechoka, na nilijua atakachosema kabla hajafungua mdomo.

"Hii tunaacha ipumzike," alisema. "Udongo iko laini."

Nyuma yangu ng'ombe walilia. Binti yangu Hajara alikuwa akiomba maziwa tangu alfajiri.

"Leo tu, mama," nikasema. "Kesho tunaenda."

Akaanza kuvuta miiba, bila kunitazama.